Nilimsikia Mungu nilipoumwa, sasa simsikii

Barua tatu za mwezi huu zimegusa jambo moja, nami nimeziweka pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu. Ningeweza kuiandika mimi mwenyewe nilipokuwa msichana.

*Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 27, naishi Morogoro. Mwaka jana mwezi wa tisa nilikaa siku sita bila usingizi na sikuchoka. Nilimsikia Mungu akiniita, karibu kabisa, kama mtu tuliyebanana naye kwenye kiti cha daladala. Nilihubiri stendi ya Msamvu mpaka sauti ikakauka, nikawagawia wapiga debe mshahara wangu wote. Kuna watu walilia. Kaka zangu walinikamata wakanipeleka hospitali, na daktari akasema nina ugonjwa wa hisia mseto, ule wanaouita baipola. Sasa natumia dawa, nalala, nimerudi kazini. Lakini kanisani nakaa kama kiti. Wenzangu wanainua mikono, mimi nahesabu feni. Nikiomba, maneno yanafia mdomoni. Mama, kama siku nilizomsikia Mungu kuliko siku zote za maisha yangu ndizo siku nilizokuwa mgonjwa, je, yule alikuwa Mungu au ugonjwa? Na kama alikuwa ugonjwa, mimi nimebaki na nini? Kuna mtumishi hapa mtaani anasema dawa ndizo zilizomzima Roho ndani yangu, niziache, nifunge siku 21 na kukesha, moto utarudi. Nimeanza kushawishika. — Mwalimu, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote, usiache dawa. Soma jibu langu mpaka mwisho, bishana nami ukitaka, lakini wakati unabishana endelea kumeza.

Mimi nilipiga kengele. Mwaka 1992 nilikuwa na miaka 24, naimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya usharika wetu huko milimani Usambara. Usiku mmoja wa mwezi wa sita, kwenye baridi yetu ile inayoingia mpaka kwenye mifupa, niliinuka saa tisa nikiwa na uhakika kwamba Bwana Yesu anarudi alfajiri ile, na kwamba mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwaamsha watu. Ulikuwa usiku wangu wa nne bila kulala. Nikatoka pekupeku na gauni la kulalia, nikapanda mpaka kanisani, nikaishika kamba. Kengele yetu ni nzito, ya enzi za Wajerumani. Siku za kawaida wanaume wawili huipiga kwa kupokezana. Mimi niliipiga peke yangu karibu saa nzima. Kamba ya katani ilinichuna viganja vyote viwili, na mpaka leo cha kulia kina alama nyembamba inayong'aa kama uzi. Sikusikia maumivu yoyote. Watu walitoka na kurunzi na mapanga wakidhani kuna moto au wezi, nami niliwaona wote ni watakatifu waliovikwa nyeupe. Ilikuwa ukungu.

Baba alikuja na blanketi. Hakunifokea. Alinifunika, akaweka mkono wake juu ya wangu kwenye kamba mpaka kengele ikatulia, akasema, "Wameamka, mwanangu. Wote wameamka. Twende."

Nakusimulia haya ujue kwamba utamu ule naufahamu. Wasioupitia hudhani kuumwa akili ni mateso tu. Hawajui kwamba kuna siku chache kabla ya mateso ambapo kila jani linakuambia kitu na kila aya ya Biblia imeandikwa kwa ajili yako. Tangu siku ile hakuna ibada iliyonipa hata robo ya nilichokipata chini ya ile kengele. Nilipopewa dawa, haloperidoli siku zile, shingo ilikaza, mate yakanidondoka, mikono ikatetemeka mpaka wakaniongezea Artane, dawa ya kutuliza madhara hayo. Jumapili ya kwanza niliporudi kanisani watu walikuwa wanaimba, nami nikawasikia kama majirani walio ng'ambo ya ukuta. Nikasema moyoni, wamenirudishia akili wakamchukua Mungu. Nililia kama aliyefiwa. Kwa hiyo barua yako sikuisoma mara moja tu.

Sasa swali lako. Wodini, kitanda cha pili kutoka changu, alilala mama mmoja mfanyabiashara wa Tanga mjini. Naye alikuwa hajalala siku kadhaa. Alikuwa amekopa vitenge majora kwa majora, na alituambia usiku kucha kwamba bandari yote imeandikwa jina lake na meli zinamsubiri yeye. Alizungumzia majora yake kwa kasi ile ile niliyozungumza nayo habari za Kristo, kwa macho yale yale, na alinihurumia kwa kuwa sioni anachokiona yeye. Mimi nami nilimhurumia yeye. Ilinichukua miezi kuelewa nilichokuwa nakitazama. Ugonjwa huu hutumia maneno unayoyakuta ndani ya nyumba. Kwake uliyakuta ya biashara, kwako na kwangu uliyakuta ya Mungu. Ile kasi, ule uhakika usiotaka kuulizwa, ile hali ya kutochoka, huo ni ugonjwa, na ungekuwa vile vile hata kama usingewahi kuona Biblia. Lakini maneno hayakuwa ya ugonjwa. Yalikuwa yako tangu Shule ya Jumapili, tangu bibi yako au yeyote aliyekufundisha Baba Yetu, na moto ulipozimika hayakuungua. Yapo. Yamepoa tu, na wewe umezoea kuyashika yakiwa ya moto.

Itazame pia sauti yenyewe ilivyokuwa. Yangu haikuniruhusu kulala. Haikuniruhusu kungoja. Mama yangu aliponiletea uji ilinambia mama ni adui. Yako ilikugawisha mshahara wote, na bila shaka mwenye nyumba alikuja kudai kodi mwisho wa mwezi kama kawaida. Tangu mwaka 1998 nina sheria moja ninayoishi nayo. Neno lolote likiwaka ndani yangu naliandika kwenye daftari pamoja na tarehe, halafu nalala usiku mbili kamili, halafu nawaonyesha watu wawili, mume wangu na mama mwinjilisti wa mtaa wetu. Mengi, nikiyasoma siku ya tatu, ni mwandiko wa mtu anayekimbia. Hata herufi zimelala upande mmoja. Machache yanabaki yamesimama. Uji tunaowapikia wagonjwa siku ya kliniki ulianzia kwenye daftari lile. Neno la Mungu halichachi kwa kulala siku mbili.

Huyo mtumishi anaposema moto utarudi, anasema kweli. Utarudi, na hicho ndicho ninachokiogopa. Kwa mtu mwenye ugonjwa wetu, kukesha usiku kucha peke yake kunatosha kumpandisha. Hata mkesha wa Mwaka Mpya mimi naondoka saa nne usiku, mchungaji anajua na hanitazami vibaya. Kufunga nako kuna hatari yake. Kama dawa yako ni lithiamu, kukaa bila maji kunaweza kuijaza kwenye damu mpaka ikawa sumu. Mwaka 1995, kwenye nyumba moja ya maombi ambayo sitaitaja, niliambiwa dawa ni mlango wa pepo, nikazitupa zote chooni huku watu wakipiga makofi. Wiki ya kumi na moja nilimuuza ng'ombe wa mama, yule ambaye maziwa yake ndiyo yalikuwa ada ya mdogo wangu. Mdogo wangu alikaa nyumbani miaka miwili. Ni mtu mzima sasa, amenisamehe, ananitania kuhusu mambo yote isipokuwa hilo. Walionipigia makofi hakuna hata mmoja aliyekuja nyumbani siku mama alipolikuta zizi tupu.

Kuhusu kukaa kama kiti, nenda ukamwambie daktari kwa maneno hayo hayo. Usiseme "naendelea vizuri" kwa sababu foleni ni ndefu na yeye amechoka. Huenda ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, maana baada ya kupanda ugonjwa hupenda kushuka, na kushuka kunatibika. Huenda dozi ni kubwa kuliko unavyohitaji sasa, naye anaweza kuipunguza pole pole au kukubadilishia. Mimi nilikaa miaka miwili nikidhani kulalamika ni kukosa shukrani kwa Mungu aliyeniponya, na siku niliyosema ukweli nilibadilishiwa dawa ndani ya dakika kumi. Na kama unafikiria kuzaa, mwambie daktari kabla ya mimba, si baada, kwa kuwa valproeti, dawa inayotumika sana kwa ugonjwa wetu, inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Jambo moja zaidi nalisema wazi ingawa hukuuliza. Katika ukimya huo, wazo la kufa likija, usilivumilie peke yako wala usilione ni dhambi ya kufichwa. Mwambie kaka yako siku hiyo hiyo, mpe dawa zote azitunze yeye, mwende hospitali hata kama tarehe ya kliniki bado.

Unauliza umebaki na nini. Mimi aliyenionyesha ni bibi mmoja wa jumuiya yetu, mtunza vyombo vya Meza ya Bwana. Alikuja Jumamosi moja mchana, mwaka 1996, baada ya yale ya ng'ombe, wakati watu walikuwa wakivuka njia wakiniona. Hakuniuliza naendeleaje. Alisema macho yake yamepungua, vikombe vinabaki na madoa, niende nikamsaidie kuosha. Ni vile vikombe vidogo vya kioo, kila mshiriki na chake, vilikuwa 96 kwenye trei nne. Maji ya moto kwenye karai moja, ya baridi kwenye karai jingine, na kitambaa cha pamba kilichochakaa, kisichoacha nyuzi. Unakishika kikombe kwa vidole viwili, unakizungusha kwenye sabuni, unakisuuza mara mbili, unakiinua kwenye mwanga wa dirisha uone kama kuna alama ya mdomo wa mtu. Ikiwepo unarudia. Mikono yangu ilikuwa bado inatetemeka kwa dawa, na siku ile ile ya kwanza nilivunja kimoja. Nikasimama nikingoja kufukuzwa. Bibi alichukua ufagio, akafagia vigae, akasema, "Vimebaki 95," akaendelea kufuta.

Kulikuwa na manung'uniko usharikani kwamba vioo vya Bwana vimekabidhiwa kichaa. Bibi hakuyajibu. Kila Jumamosi saa nane alipita mlangoni kwetu. Kuomba sikuweza, lakini kuosha niliweza. Nadhani ilikuwa mwezi wa tatu hivi nilipogundua, kikombe kikiwa mkononi na mwanga wa dirisha ndani yake, kwamba nilikuwa nataja majina. Hiki cha mama. Hiki cha mwalimu wa kwaya. Hiki cha yule mzee aliyenifunga kamba mwaka 1995, maana naye ana mdomo na Jumapili atakuja kunywa. Nilikuwa nayataja kwa sauti, sijui tangu lini. Hapakuwa na joto lolote, wala sauti, wala hakuna aliyelia. Niliporudi nyumbani nilikula ugali na mlenda nikalala mpaka asubuhi, na tangu siku hiyo sijawahi kuwa na shaka kwamba yule alikuwa Mungu.

Kama ulibatizwa utotoni kama wengi wetu, kumbuka kwamba siku ile hukuhisi kitu. Pengine ulikuwa umelala mikononi mwa mama wa ubatizo. Mungu alikushika bila kuhitaji wewe umsikie.

Na ngoja nikuambie habari ya mtu mmoja ambaye umeimba maneno yake bila kumjua. Ule wimbo wa "Damu imebubujika", unaoimbwa makanisani kwetu kila Kwaresima, uliandikwa na Mwingereza aitwaye William Cowper, aliyezaliwa mwaka 1731 na kufiwa na mama yake akiwa na miaka sita. Mwaka 1763 alirukwa na akili kwa hofu ya usaili wa kazi, akajaribu kujiua, wakampeleka kwenye nyumba ya daktari wa wagonjwa wa akili mjini St Albans. Ilikuwa pale, akiwa mgonjwa chini ya uangalizi wa daktari, ndipo alipofungua Waraka kwa Warumi, sura ya tatu, akaamini. Baadaye alihamia Olney, alikokuwa mchungaji John Newton, nahodha wa zamani wa meli za watumwa, na humo wakaandika tenzi pamoja. Ningependa kukuambia kwamba iliishia hapo. Haikuishia hapo. Mwaka 1773 ugonjwa ulirudi, ukamwambia kwamba Mungu amemkataa, na sauti ile haikumwondoka kabisa mpaka alipofariki mwaka 1800. Newton alimpokea nyumbani mwake akakaa naye mwaka mzima na zaidi. Kwenye miaka yake iliyofuata Cowper alilima bustani, akafuga sungura wa porini watatu aliowapenda sana, akatungia watu mashairi, na mama mmoja mjane, Mary Unwin, akamtunza miaka mingi. Aliamini kwamba wimbo wake ni wa kweli kwa watu wote isipokuwa yeye.

Mimi nikiuimba sasa, namwimbia yeye. Naamini kabisa kwamba sauti iliyomwambia amekataliwa ilikuwa ya ugonjwa, kama ile iliyoniambia nimeteuliwa. Zinatoka chungu kimoja. Wala ukubwa wa unachohisi, uwe wa moto au wa giza, si kipimo cha umbali wa Mungu.

Kwa hiyo Jumapili ijayo kaa tu kama kiti. Kiti nacho kiko ndani ya kanisa. Ukikosa maneno ya kuomba soma Zaburi ya 88, ambayo inaanza na kilio na inaishia gizani, bila shukrani wala pambio, na bado waliiacha ndani ya Biblia. Na mwombe mtunza vyombo wa usharika wenu akupe kazi ya mikono, ndogo, ya kila wiki, isiyohitaji uhisi chochote. Ukiipata, niandikie ni kazi gani.

*Bwana Yesu asifiwe, dada. Mwanangu wa kiume ana miaka 19, ana skizofrenia tangu kidato cha pili. Ibadani anacheka peke yake, anajibu sauti anazosikia. Wazee wa kanisa wametuomba tukae nje chini ya mti kwa ajili ya utulivu wa ibada. Mafundisho ya kipaimara aliyaacha katikati. Je, mtu asiyeweza kufuata mafundisho atashirikije Meza ya Bwana? Na ataokokaje, kama akili ya kuamini nayo hana? — Baba mwenye uchungu, Njombe*

Asifiwe milele, kaka yangu. Ingieni ndani. Kaeni benchi la pembeni karibu na mlango, ili akitaka kutembea atembee, lakini muwe chini ya bati kama wengine. Watoto wachanga wanalia ibada nzima na hakuna anayewatoa chini ya mti. Mwombe mchungaji mwonane yeye na wewe, si kwenye kikao cha wazee, umweleze kwamba mwanao anaumwa na anatibiwa, na umwombe yeye mwenyewe awaambie wazee. Wengi wakishaambiwa na mchungaji huona aibu, na aibu hiyo ni njema.

Kuhusu imani, fungua Marko sura ya pili. Watu wanne wanambeba mwenye kupooza, wanabomoa dari la mwenye nyumba wanamteremsha, na Biblia inasema Yesu "alipoiona imani yao". Yao. Ya waliobeba. Ya huyo aliyelala kitandani haikutajwa, na yeye ndiye aliyeambiwa umesamehewa. Wewe umeshika kona moja ya godoro la mwanao miaka yote hii. Nenda ukatafute watatu wengine, umechoka mno kubeba peke yako na inaonekana kwenye mwandiko wako.

Niliwahi kwenda Lutindi na wanawake wenzangu wa usharika. Hospitali ile iko juu kabisa milimani, upande wa Korogwe. Wamisionari wa Kijerumani waliianza mwaka 1896 kama nyumba ya watoto waliookolewa utumwani, na baadaye kidogo ikawa ya wagonjwa wa akili, mpaka leo. Tuliabudu nao. Kijana mmoja, umri wa mwanao, alitembea mahubiri yote, kutoka dirisha hadi dirisha, akizungumza na mtu tusiyemwona. Hakuna aliyemshika. Tulipofika kwenye Baba Yetu alisimama palepale alipokuwa, mikono pembeni, akaisali yote kwa sauti kubwa, akitutangulia sisi sote neno moja. Alipomaliza akaendelea kutembea.

Mimi si mchungaji, siwezi kumwekea mikono. Lakini mwombe wako amfundishe nyumbani kwenu, asubuhi, au saa yoyote wewe unayojua akili imetulia, robo saa tu kila mara: Amri, Imani, Baba Yetu. Na hospitali uliza kama anafaa sindano ya kila mwezi badala ya vidonge vya kila siku, inawasaidia sana wanaosahau au wanaotema. Usikubali mtu yeyote amfunge minyororo, hata kama minyororo yenyewe iko kwenye nyumba ya maombi. Yule mwenye pepo wa nchi ya Wagerasi, kwenye Marko sura ya tano, alifungwa pingu na minyororo akaikata, haikumsaidia kitu. Yesu alipomaliza naye, watu walimkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake.

*Mama, mimi ni mwenyekiti wa jumuiya huku Tabora. Mwenzetu amerudi kutoka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe wiki mbili zilizopita. Tunataka kumtembelea lakini tunabishana, wengine wanasema twende tukakemee pepo, wengine wanasema tusubiri aite mwenyewe. Wewe ungetaka tufanye nini?*

Msikemee. Someni Mathayo 4:24, mwone jinsi anavyowataja wenye pepo kivyao na wenye kifafa kivyao. Yeye alijua kutenganisha, na mwenzenu ametoka mikononi mwa watu waliosomea. Kelele amezisikia za kutosha, nyingine kichwani mwake mwenyewe.

Wala msisubiri aite. Hataita. Anaamini mnamwogopa.

Nendeni wawili, si ishirini, muda wa mchana asije akalala amechelewa. Bebeni sukari na sabuni. Msimwulize alikuwa anaona nini. Mwulizeni kliniki ni lini na kama nauli ipo, na kama haipo jumuiya ichange, kwa sababu wengi wanaorudi wodini hawakuacha dawa kwa ubishi, walikosa nauli ya kuzifuata. Halafu tokeni naye mkaangalie shamba. Kama amekaa hospitali wiki kadhaa, mahindi yake yatakuwa yamemezwa na majani. Ombeni mkiwa mmesimama palepale, dakika mbili, kisha shikeni majembe, na la tatu mpeni yeye.